Mrejesho: rangi ya chesisi ya pikapu, Kigoma

Wakuu, habari. Niliuliza nipake nini chesisi ya pikapu inayobeba chumvi kutoka Uvinza: lami, oili chafu au epoksi. Nimekwenda na epoksi, rangi ngumu ya makopo mawili: rangi yenyewe na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha.

Oili chafu ni bei ya bure, ila inashika vumbi na masika ikipiga inaondoka. Lami nayo ikipasuka, maji ya chumvi yanajificha nyuma yake na chuma kinaliwa huku juu kunang'aa. Rangi ya unga, ile inayopulizwa kama poda kisha inaokwa, inataka tanuri la nyuzi 180 hadi 200 na chesisi tupu kabisa. Hiyo niliiweka pembeni mapema.

Kazi kubwa haikuwa rangi. Tulianza kuosha kwa maji mengi, maana chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu na malengelenge yanatokea. Kisha grenda na brashi ya waya, kwenye kona msasa wa mkono. Fundi akafuta kwa kitambaa cheupe chenye tina (kiyeyusha rangi) mpaka kikatoka kisafi. Hapo ndipo nikamwamini. Epoksi mikono miwili, yaani tabaka mbili, juu yake rangi nyeusi, kwa sababu epoksi haipatani na jua.

Ndani ya boksi, yaani vyuma vya chesisi vyenye uwazi ndani, brashi haifiki. Tulinyunyizia nta kwa mpira mwembamba, matundu ya kutolea maji tukayaacha wazi.

Masika imepita. Kutu naiona kwenye boliti za springi tu. Mkuu uliyeshauri nimalizie na lami juu ya yote, samahani, hapana.