Tupeane uzoefu: ulipodai haki yako, ilikuwaje?

Wana Kisumu na majirani, tuelezane yaliyotupata wenyewe, si ya kusikia. Naanza.

Hapa Kondele tunataka kuandamana kwa ajili ya taa za barabarani zilizozimika. Jumatatu nilipeleka barua kituo cha polisi, nakala mbili. Afisa akaisoma, akanirudishia: "Lete kibali kwanza." Kibali cha nani? Sheria inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa siku 3 hadi 14 kabla. Taarifa si ombi! Kizuizi ni kama mkutano mwingine umeshaandikishwa mahali hapo, saa hiyo hiyo. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa kumi jioni, nakala yangu ikagongwa mhuri. Wino ulikuwa bado mbichi, nikautembeza mkononi kama yai.

Mama wa Kibuye: Hongera mwanangu. Lakini mimi nauza nyanya kando ya barabara. Maandamano fulani yalipopita, wachache wakarusha mawe, watu wakakimbilia juu ya kreti zangu. Nilikuta rojo tupu, na mkopo wa chama sijamaliza. Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema tuandamane kwa amani na bila silaha. Jiwe ni silaha. Taa nazitaka, hata mimi hufunga kazi gizani, ila hasara ile nani alinilipa?

Boda wa Nyalenda: Pole sana mama. Mimi sikurusha jiwe, nilikuwa na abiria. Nilikamatwa Ijumaa jioni, nikafikishwa kortini Jumatatu. Nikadhani saa 24 za kufikishwa kortini zimevunjwa. Wakili akanieleza kwamba Kifungu cha 49 kinaruhusu kungoja siku ya korti saa zikiishia wikendi. Sawa. Lakini kifungu hicho hicho kinataka uambiwe mara moja umekamatiwa nini, kwa lugha unayoielewa. Kosa langu nililisikia kizimbani! Siku tatu nawaza, nimekosa nini? Kesi iliondolewa, pikipiki ikaendelea kunyeshewa uani kwa polisi wiki mbili.

Mwalimu, Kakamega: Kwangu ni grupu la WhatsApp la mtaa. Mmoja aliandika jamii fulani ifukuzwe. Nikamtoa, akalia uhuru wa kusema. Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wala matamshi ya chuki. Ningemtoa tena.

Mwanzisha mada: Mama, tunaandamana Alhamisi saa nne asubuhi. Nielekeze kibanda chako kilipo. Nitaweka vijana sita wasimame mbele ya kreti zako mpaka mtu wa mwisho apite.