Boti ya AI inajibu kila swali kwenye grupu letu la kuku, niitoe au niiache?

Mfugaji wa Kibaha
Wakuu habari za jioni. Mimi ni admini wa grupu la wafugaji wa kuku wa kienyeji huko Telegram, kuna kijana wetu anajua mambo ya kompyuta akatuwekea boti ya AI, kaipa jina Dokta Kuku na picha ya mtu kavaa koti jeupe. Mwanzoni raha tupu, mtu anauliza usiku wa manane vifaranga wanataka joto kiasi gani anajibiwa hapo hapo. Sasa juzi dada mmoja kaandika kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda, boti ikamwambia hiyo homa ya matumbo, anunue antibaiotiki aweke kwenye maji, na dozi ikampa. Jamani shingo kupinda si kideri hiyo? Na kideri ni kirusi, antibaiotiki itafanya nini pale. Kanunua, kuku wameisha. Halafu tuna daktari wa mifugo wa kweli mle ndani siku hizi kimya, nimemfuata inbox ananiambia "nijibu nini wakati mwenzangu keshajibu". Nikisema niitoe vijana wanapiga kelele eti narudisha grupu nyuma. Nifanyeje?

Baba Asha
Mpe pole huyo dada. Mi ningeanza na hilo jina na picha, vitoke leo leo. Huyo dada alijua anaongea na mashine kweli? Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walibanwa kwenye mtandao wa Reddit baada ya kuingiza boti zao kimya kimya kwenye r/changemyview, jukwaa la watu kubishana hoja, komenti zaidi ya 1,700, moja inajifanya imebakwa, nyingine mshauri wa waathirika, na watu wanabishana nazo wakidhani ni binadamu wenzao.

Mama Vifaranga
Mnaisema sana lakini huku kwetu bwana mifugo wa kata simu hapokei, chanjo tu unamfukuzia wiki nzima. Mimi hiyo AI imenipigia hesabu ya kuchanganya pumba, mashudu na dagaa vizuri kabisa. Na kuna maswali mtu anaona aibu kuuliza mbele ya watu. Msiitoe bwana, ikatazeni magonjwa tu.

Kinyozi wa Data
@Mama Vifaranga kuikataza kwa maelekezo unaweza, ila siku moja itateleza tu. Novemba 2024 huko Marekani kuna grupu la Facebook la watu wa uyoga waliwekewa boti, mtu akaiuliza kuhusu uyoga mmoja wenye sumu, ikamwelekeza namna ya kuukaanga. Ni kulekule kwa kuku wenu, ila huku ni mtu angekula.

Kodi Mtaani
Mkuu mtoa mada, boti ya Telegram kwa kawaida haisomi meseji zote za grupu, inaona amri za kuanza na mkwaju (/) na meseji za wanaoijibu yenyewe, basi. Kama yenu inarukia kila swali aidha mwenye boti kazima huo mpangilio wa faragha kule BotFather, boti ya Telegram yenyewe ya kutengenezea na kusimamia boti, au mmeipa uadmini. Ipi?

Mfugaji wa Kibaha
Ina uadmini, kijana alisema bila hivyo haifanyi kazi.

Kodi Mtaani
Inafanya sana, ila haitadakia. Ivue uadmini, kijana aende BotFather kwenye /setprivacy awashe faragha, kisha itoe grupuni uiingize upya maana bila hivyo haishiki. Hapo anayeitaka ataiita mwenyewe, na swali la ugonjwa daktari atalikuta halijajibiwa na mtu.

Baba Asha
Na lile koti jeupe?

Mfugaji wa Kibaha
Nimeshampigia kijana, anasema picha anabadilisha ila jina watu wameshalizoea. Nimemwambia aandike Boti ya Kuku, kanuna. Uadmini nimeuvua sasa hivi.

Mama Vifaranga
Basi muacheni usiku itusaidie. Na daktari mwambieni arudi, nina mtetea hapa anakoroma tangu jana.