Mteja kachagua 10:00 kwenye fomu, katokea saa kumi jioni

fundi_ngamiani
Wakuu, salaam. Nina tovuti ndogo ya saluni ya shangazi yangu hapa Tanga. Nimeitengeneza mwenyewe, imetulia, inafunguka hata kwa bando la kuungaunga. Kinachonitesa ni kisanduku kimoja tu, cha kuchagua saa ya miadi.

Mwanzo niliweka saa zote 24. Watu wakawa wanachagua 02:00 na kutokea saa mbili asubuhi. Hilo halikuwa na shida, maana hakuna anayesukwa saa nane za usiku, shangazi akiiona alikuwa anaelewa. Mimi nikajifanya mjanja, nikafunga fomu isipokee chochote nje ya 08:00 hadi 18:00. Hapo ndipo nilipoharibu. Jumamosi iliyopita bi harusi kachagua 10:00, hina na piko. Shangazi kamsubiri tangu saa nne asubuhi, kiti kitupu, wateja wawili karudisha. Saa kumi jioni huyo anaingia na mashoga zake, simu mkononi: "Si mmeniandikia 10:00?" Na kweli tulimwandikia.

Nimebadili lugha ya ukurasa kuwa Kiswahili nikidhani kivinjari kitajirekebisha. Wapi! Nyie mnafanyaje?

kodi_kimya
Mkuu, kivinjari hakikusaidii. Data za Unicode (shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta) zinazotumiwa na vivinjari zinayo maneno ya Kiswahili, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, ila saa yenyewe haisogezwi. Saa kumi jioni kwake ni 16:00 tu.

Na ona ulichofanya. 02:00 lilikuwa kosa linaloonekana, ukalifungia nje. Yakabaki yasiyoonekana: kuanzia 8:00 mpaka 12:00, kila namba iko ndani ya saa zenu za kazi ukiisoma kizungu au kwetu. Fomu itajuaje?

Ondoa hicho kisanduku cha saa. Weka orodha yako mwenyewe, hifadhidata ipokee 16:00, mteja asome kwa maneno:

`<option value="16:00">Saa 10:00 jioni</option>`

Hesabu yake: chukua saa, jumlisha 6, gawanya kwa 12, kinachobaki ndiyo saa yetu. Ikibaki 0, andika 12. Ujumbe wa kuthibitisha nao uandike vilevile, "Jumamosi, saa 10:00 jioni". Ukirekebisha fomu ukausahau ujumbe, bi harusi wa pili anakuja.

keki_za_mvita
Mimi nauza keki Mombasa, na hayo mambo ya saa niliyatoa kabisa. Mteja achagua siku, kisha asubuhi, mchana au jioni, akibonyeza yafunguka WhatsApp na ujumbe ushaandikwa. Kiungo cha wa.me chaweza kubeba maneno. Dakika twaelewana huko huko. Lakini keki si kiti, naweza kuwa na kumi asubuhi moja. Saluni yataka saa.

Kama una ukurasa wa Kiingereza, huko iache 4:00 PM, usichanganye zote mbili kwenye mstari mmoja. Nilijaribu, watu wakasoma namba ya kwanza tu.

fundi_ngamiani
Asanteni sana. Nimeweka orodha kama alivyosema mkuu hapo juu. Kabla ya kuiachia nikampa shangazi simu, nikamwambia ajifanye mteja, nikanyamaza. Kashuka na kidole mpaka chini, kapandisha juu, kaniuliza, "Saa kumi na moja mbona iko moja?" Nikamwonyesha jioni. "Na ya alfajiri? Maharusi wa Jumamosi nawapamba saa ngapi mimi?" Basi nimeongeza 05:00, "Saa 11:00 alfajiri", na orodha nzima nimeigawa kwa vichwa: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni.

Nikataka kuongeza na usiku, kwa ajili ya wanaopakwa hina mkesha wa harusi. Nikaandika "Ijumaa, usiku". Shangazi kasema usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama. Binamu yangu, wa mwaka 2003, kasema ni Ijumaa yenyewe. Wakabishana mbele ya mteja mwenye dawa kichwani. Usiku nimeutoa, mahali pake nimeweka namba ya simu ya saluni.