Mjadala: Mto Nile unaanzia Jinja, Burundi au Rwanda?

Mleta mada: Wakuu, jana nimebishana na mpwa wangu wa darasa la saba. Daftari lake limeandikwa "Chanzo cha Mto Nile ni Ziwa Victoria", na mwalimu kaweka alama ya vema. Mimi daraja la Kyaka nimelivuka mara nyingi. Naujua Mto Kagera unavyopita pale chini, maji ya tope yamebeba magugu maji kuelekea ziwani. Mto unaingia upande huu, unatokea Jinja, Uganda. Iweje uambiwe umeanzia mlangoni pa kutokea? Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika maporomoko ya Ripon pale Jinja Julai 1862, akatangaza kazi imekwisha. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likayazamisha maporomoko yenyewe. Alichokiona hakipo tena, sisi bado tunakariri!

Mrundi wa Kigoma: Umenena, mkuu. Chanzo kiko kwetu Burundi, Kasumo, karibu na Rutovu. Kuna piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima, ilijengwa 1938. Chini yake chemchemi imetegewa bomba, unakinga maji kwa kiganja. Hayo ndiyo yanayoingia Mto Ruvyironza, kisha Mto Ruvubu, kisha Kagera.

Dereva wa Rusumo: Ndugu yangu, hiyo piramidi ina maandishi ya Kilatini, na yanasema chanzo cha *kusini kabisa*. Kusini kabisa si mbali kabisa. Mwaka 2006 kuna wapelelezi walipanda mto kuanzia baharini, wakaishia msitu wa Nyungwe, Rwanda, kwenye Mto Rukarara.

Mrundi wa Kigoma: Kila anayepanda mto anaishia alikochokea. Msimu wa mvua kijito kinaanzia juu zaidi, kiangazi kinashuka. Utapima lini?

Mvuvi mstaafu: Vijana, mnagombea kijito na ziwa mmelisahau. Zaidi ya robo tatu ya maji ya Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia, sawa, lakini mchango wake mbele ya mvua ni mdogo. Mwalimu hajakosea.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Ila tukienda kwa wingi wa maji, hata Victoria inatoka mchezoni. Yanayofika Misri, takriban asilimia 85 yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, mengi kwa Nile ya Buluu. Basi tuhamie Ziwa Tana, inakotokea hiyo Nile ya Buluu? Mimi nashika urefu: mwanzo wa mto ni pale mbali kabisa maji yanapotokea, hata yawe ya kujaza kikombe. Kwa hiyo Dereva kanishawishi, Mrundi anisamehe.

Mvuvi mstaafu: Marahaba. Na mpwa wako aandike nini kwenye mtihani?

Mleta mada: Ziwa Victoria, mzee. Nyungwe ataiandika akishafaulu.