Mrejesho: Ripoti ya uchunguzi hospitali ya jeshi

Wakuu, niliuliza kama tutapewa ripoti baada ya kaka yangu, askari wa Marekani, kuchomwa sindano ya penisilini hospitali ya jeshi huku mkononi kavaa utepe mwekundu wa mzio. Faili la tathmini ya ubora wa huduma hatulipati. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 1102, inalifanya siri. Limeniuma sana. Ila jalada lake la matibabu ni haki yake, tumeshalichukua, na saa ya sindano imeandikwa wazi. Tena, tangu sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2020, askari aliye kazini anaweza kudai fidia kwa maandishi ndani ya miaka 2. Mwanasheria anaandaa dai. Asanteni sana, hasa mliosema tusingoje uchunguzi uishe.