Risasi kwenye maji ya shule: tupime kwanza, au tufunge machujio moja kwa moja?

Mleta mada
Wakuu, kila ikizuka habari ya madini ya risasi kwenye maji ya shule, kelele ni moja: pimeni! Mimi naona kipimo tunakiamini kupita kiasi. Mara nyingi risasi haitoki kwenye chanzo cha maji. Inaokotwa njiani: mabomba ya zamani, maungio yaliyolehemiwa kwa risasi, koki za shaba ya njano. Kwa hiyo mamlaka ya maji ikisema mtamboni kuko salama, haijasema lolote kuhusu koki ya nje ya darasa. Na koki yenyewe ni kigeugeu: leo iko chini kabisa, wiki ijayo chembe ya lehemu imebanduka na kiwango kimepaa. Jimbo la Michigan huko Marekani, lililoonja machungu ya mji wake wa Flint, ambao maji ya bomba yaliingia risasi kuanzia 2014, lilipitisha sheria mwaka 2023: shule zifunge machujio kwanza, kisha zipime maji yaliyochujwa. Nasimama hapo.

Fundi bomba
Nusu nakubali, nusu sikubali. Si kila chujio linaondoa risasi. Mengi yanaondoa harufu ya klorini tu. Na lisipobadilishwa kwa wakati? Shule nyingi likishafungwa limesahauliwa. Halafu hicho kigeugeu unachokilalamikia, mara nyingine ni uzembe wa mpimaji. Anafungulia maji yatiririke, ndipo anakinga sampuli, wakati risasi imeshakwenda na maji. Maji yalale bombani kwa muda wa saa 8 hadi 18, kisha zikingwe mililita 250 za kwanza asubuhi, kabla mtu hajagusa koki.

Mzazi
Nyie mnabishania vifaa. Bila namba, nani atatoa pesa ya hayo machujio? Bodi ya shule haitoi fedha kwa sababu mzazi ana wasiwasi. Pimeni, bandikeni majibu getini, muone kama hela haitapatikana. Huku nyuma si maji yachemshwe tu?

Mleta mada
Mkuu, kuchemsha hapana. Kunaua vijidudu, risasi inabaki palepale, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea.
Hoja ya pesa ina nguvu, sibishi. Ila namba ipi? Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 10 kwa lita. Umoja wa Ulaya unataka 5 ifikapo 2036. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kinataka maji ya shule yasizidi 1. Koki yenye 8 inafaulu kwa wa kwanza, inafeli kwa wawili waliobaki, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ikishaandikwa "imefaulu", faili linafungwa na koki haiguswi tena.

Mwalimu
Mmesahau likizo. Maji yanalala bombani wiki nzima na zaidi, wanafunzi wanarudi wanakunywa. Kuyafungulia asubuhi kunasaidia, lakini yakilala tena hadi mchana yanaanza kuokota upya.

Fundi bomba
Basi anzeni na koki chache: za kunywea na za jikoni. Hizo zifungwe machujio, tarehe ya kubadilisha iandikwe juu yake, zipimwe. Zilizobaki ziandikwe "kunawa tu". Nimeona shule zinapima hadi koki za kudekia huku ya jikoni imerukwa.