Naomba ushauri: mapigano ya Hattin (1187) juu ya meza, kiu ya jeshi ihesabiweje?

Mkwaju_Dom

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma.

Kwa miezi mitano sasa mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukiandaa mchezo wa vita wa mezani, ule unaochezwa kwa sanamu ndogo za askari, dadu na tepu ya kupimia. Tumechagua mapigano ya Hattin, karibu na Ziwa la Galilaya, ya tarehe 3 na 4 Julai 1187, ambamo Sultani Salahuddin alilivunja jeshi la Wafaranki (Wakristo wenye asili ya Ulaya Magharibi) wa ufalme wa Yerusalemu, na ilipofika tarehe 2 Oktoba mwaka uleule mji wenyewe ukawa mikononi mwake. Tunakutana Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, Area C, juu ya meza mbili za chakula zilizounganishwa, zenye sentimita 180 kwa 120. Kati yetu wamo Waislamu na Wakristo, kwa hiyo pande tunazigawa kwa kura, wala hapajatokea neno baya.

Kilichotushinda ni kanuni, na hasa mambo mawili.

La kwanza ni mfalme wa Wafaranki, Guy wa Lusignan. Alikuwa amepiga kambi Saffuriya, penye chemchemi za kutosha, akiwa na watu wapatao 20,000, na kati yao wapanda farasi wenye deraya walikuwa kama 1,200. Salahuddin, mwenye watu wapatao 30,000, aliuzingira mji wa Tiberia tarehe 2 Julai ili amvute atoke, na mfalme akatoka kweli alfajiri ya tarehe 3, akaingia katika nchi kavu ya zaidi ya kilomita 25 katikati ya joto la kiangazi. Sasa kila anayepewa nafasi ya Guy mezani petu amekwisha kuisoma habari hiyo, hivyo anakaa kwenye maji yake na kusema hatoki. Mara tatu tumetumia saa nzima kupanga sanamu, na mara tatu mchezo umekufa kabla dadu haijarushwa.

La pili ni kiu yenyewe. Tulikuwa tunampunguzia kila kikosi nguvu moja kila zamu, na matokeo yake ni kwamba jeshi zima la Wafaranki lilidhoofika kwa usawa kama mshumaa unaoyeyuka, bila mchezaji kuwa na uamuzi wowote wa kufanya. Mapigano haya yaliamuliwa na maji, nami sitaki maji yawe hesabu tu ya pembeni. Naomba msaada wa mwenye uzoefu.

MwalimuMstaafu_Kilimatinde

Ndugu Mkwaju, nimefundisha historia kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza limenigusa, kwa sababu wachezaji wako wanafanya lile ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilifanya kila mara, yaani kumhukumu aliyeshindwa kana kwamba alikuwa na kitabu mkononi kinachomwonyesha mwisho wake.

Guy alikuwa na sababu. Mwaka 1183, alipokuwa akiushikilia ufalme kwa niaba ya Baldwin wa Nne aliyekuwa mgonjwa wa ukoma, Salahuddin aliingia nchini, naye Guy akakaa na jeshi lake penye maji bila kupigana mpaka Sultani akaondoka. Jeshi halikupata hasara yoyote kubwa, lakini Guy alilaumiwa kwa uoga, na muda si mrefu akavuliwa madaraka. Miaka minne baadaye alikuwa mfalme, na watu walewale waliomcheka walikuwa wakimtazama. Raymond, mtawala wa Tripoli, ambaye mkewe Eschiva ndiye aliyekuwa amezingirwa ndani ya ngome ya Tiberia, alishauri jeshi lisiondoke, na ushauri huo ulikuwa wa busara, ila Raymond alikuwa amefanya mapatano yake mwenyewe na Salahuddin si muda mrefu kabla ya hapo, kwa hiyo kila alilosema lilitiliwa shaka. Usiku ule wa tarehe 2 Julai Gerard wa Ridefort, mkuu wa Watempla, yaani shirika la watawa wapiganaji, alimwendea mfalme hemani na kumgeuza moyo. Gerard naye alikuwa na lake: tarehe 1 Mei alikuwa ameshindwa vibaya karibu na Nazareti akawapoteza takriban Watempla wote aliokuwa nao pale, na tena alikuwa ametumia fedha za Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, zilizowekwa kwake kama amana, kukodi askari kwa ajili ya vita hii.

Ninyi mko watano, na idadi hiyo inafaa sana. Mmoja awe Guy, mmoja Raymond, mmoja Gerard, na upande wa pili Salahuddin na Taqi al-Din, mtoto wa ndugu yake wa kiume. Kila mmoja apewe ushindi wake mwenyewe, ulioandikwa kwenye karatasi ambayo wengine hawaioni. Gerard hapati alama hata moja jeshi likibaki Saffuriya. Raymond anapata alama kwa kila kikosi chake kitakachotoka mezani kikiwa hai. Guy aanze na heshima 10, na kila siku anayokaa kwenye chemchemi huku Tiberia ikiungua apoteze 3; heshima ikiisha, Gerard ndiye anayeliamuru jeshi. Kwa upande wa Salahuddin, kumbukeni kwamba jeshi lake lilikuwa la maamiri waliokuja na watu wao kutoka Misri, Shamu na Jazira (kaskazini mwa Mesopotamia), ambao wasingekubali kukaa vitani mwaka mzima. Kwa hiyo naye akatwe alama kila siku mfalme anapokataa kutoka, ili alazimike kubuni njia ya kumchokoza. Mkifanya hivyo, mchezaji anayemwakilisha Guy atatoka Saffuriya huku akijua anachokiendea, na hapo ndipo atakapouelewa usiku ule wa tarehe 2.

Jambo moja naliomba: mauaji ya mateka yaliyofuata baada ya mapigano yasiingizwe katika alama. Yaelezwe kwa mdomo baada ya mchezo, kwa kuwa ni sehemu ya historia, lakini asiwepo mtu wa kushinda kwa hayo.

Seremala_Changombe

Ndugu mleta mada, mimi nitazungumzia meza, kwa kuwa nimeona mara nyingi kanuni nzuri zikiharibiwa na vipimo vibovu.

Sentimita moja ikiwa sawa na mita 25, meza yenu inabeba kilomita 4.5 kwa 3. Hiyo haiwezi kubeba safari nzima kutoka Saffuriya, kwa hiyo safari ya tarehe 3 ichezwe kwenye ramani ya karatasi, na meza ianze jeshi linapofika Maskana, mahali walipolala usiku ule bila maji. Kwa kipimo hicho mshale unaoruka mita 200 unafika sentimita 8 tu. Sanamu zenu zikiwa za milimita 28, kila moja juu ya kitako chenye upana wa sentimita 2.5, askari mmoja anakalia zaidi ya mita 60 za ardhi, na upinde wake unavuka vitako vitatu tu, jambo ambalo macho hayawezi kulikubali. Tengenezeni askari wa manila wenye urefu wa milimita 15. Chapeni michoro steshenari, kateni, kunjeni sehemu ya chini, kisha bandikeni kwa gundi ya mbao juu ya vipande vya plaiwudi. Mkikubaliana kwamba askari mmoja wa manila ni watu 100, Wafaranki watakuwa 200 na jeshi la Sultani 300, na wale wapanda farasi wa deraya ambao kila mtu anawafikiria anapotaja vita hivi watakuwa 12 tu. Wapangeni hao 12 katikati ya wenzao 188 mwone walivyo wachache. Wengi wa jeshi lile walikuwa askari wa miguu, wapiga mishale wenye pinde za kufyatua, na wapanda farasi wepesi walioandikwa humohumo nchini.

Pembe za Hattin zenyewe, yaani kile kilima chenye vilele viwili, zichongwe kutoka kwenye povu jeupe gumu linalokinga friji ndani ya boksi, likatwe kwa wembe na kulainishwa kwa msasa. Kilima hicho ni mabaki ya volkano ya kale na mawe yake ni meusi, kwa hiyo udongo wetu mwekundu wa Dodoma usitumike peke yake. Changanyeni na unga wa mkaa mpaka upate rangi ya kijivu iliyokolea. Majani makavu, ambayo ni muhimu kwa sababu watu wa Salahuddin waliyawasha moto, yatokane na kamba ya katani iliyokatwakatwa vipande vya nusu sentimita.

Ndama_wa_Bahi

Nimekua nikichunga ng'ombe, na nadhani kiu naifahamu kuliko upanga. Naomba nianze kwa kuwaonya wenzangu wa Dodoma kwamba wasiuwaze Julai wa Hattin kama Julai wetu wa kipupwe na upepo wa baridi. Uwazeni mwisho wa Oktoba, mchana, kabla mvua haijagusa ardhi.

Kundi lenye kiu halidhoofiki kwa usawa kama mlivyokuwa mkihesabu. Linatembea vizuri, linatembea vizuri, kisha linapoyaona maji au kunusa harufu yake, fimbo ya mchungaji haina kazi tena. Ndivyo askari wa miguu wa Guy walivyofanya asubuhi ya tarehe 4. Ziwa la Galilaya lilikuwa chini yao, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa kilima, wakaliona na wasilifikie. Wakaacha mistari yao na kupanda Pembe, na mfalme alipowaita washuke hawakushuka.

Chukueni kete za bao moja, ambazo ni 64. Vikosi vya Wafaranki viwe 16, kila kimoja kipewe kete 3 kama maji yake, na kete 16 zinazobaki ziwe kwenye wanyama wa mizigo katikati ya jeshi. Kila zamu ya mwendo inakula kete moja ya kikosi. Kete za mizigo zinaweza kugawanywa, ila kikosi kinachopokea lazima kisimame zamu nzima, na kinachosimama kinapigwa mishale. Hapo mchezaji atakuwa na uamuzi mgumu kila mara, wa kusimama ili anywe au kusonga mbele ili afike. Upande wa Sultani hauna kete, kwa kuwa walikuwa wakiletewa maji kwa ngamia kutoka ziwani. Kisha kila kikosi kinachotaka kushambulia kirushe dadu mbili: chenye kete zote tatu kinahitaji 7 au zaidi, na kila kete inayokosekana inaongeza moja. Kwa 7 uwezekano ni 21 kati ya 36, kwa 8 ni 15, kwa 9 ni 10, na kwa 10 ni 6 tu. Na tangu zamu ambayo ziwa linaonekana, kikosi cha miguu kisicho na kete kinachoshindwa kurusha 9 kiache safu na kukimbilia kilimani.

MwalimuMstaafu_Kilimatinde

Ndugu yangu wa Bahi, nakubaliana nawe kuhusu askari wa miguu, lakini kwa wapanda farasi nakupinga. Mwanahistoria Ibn al-Athir amehifadhi ushuhuda wa al-Afdal, mtoto wa Salahuddin, aliyekuwa kando ya baba yake: Wafaranki waliobaki na mfalme juu ya kilima walishuka mara mbili wakawasukuma Waislamu mpaka karibu na Sultani mwenyewe, na kila waliporudishwa kijana alipaza sauti kwamba wamewashinda, na baba yake akamnyamazisha kwa kumwambia kwamba hawajashinda mpaka lile hema la mfalme lianguke. Watu hao walikuwa wamekaa zaidi ya siku nzima bila maji. Kanuni yako ingewabakizia nafasi 6 kati ya 36.

Kwa maoni yangu, mpanda farasi abaki na 7 daima, ila kila shambulio limgharimu farasi wake kete moja, na asiye na kete ashambulie kwa miguu. Vilevile, Taqi al-Din apewe haki ya kufungua safu zake na kumpisha anayeshambulia, kisha kuzifunga, kwa maana ndivyo alivyomfanyia Raymond, ambaye alipita katikati, akajikuta nje ya mapigano na hakuweza kurudi.

Mkwaju_Dom

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru nyote. Tumecheza jana kwa kufuata mashauri yenu, na marekebisho ya Mwalimu kuhusu farasi tumeyachukua yote.

Guy alikaa Saffuriya siku moja, akashuka heshima hadi 7, na siku ya pili akatoka bila kulazimishwa, kwa sababu Gerard alimkumbusha mbele ya wote yaliyompata mwaka 1183. Kwenye ramani alisimama chemchemi ya Turan kujaza kete, na muda alioupoteza hapo ukampa Taqi al-Din nafasi ya kumzungukia kwa nyuma. Meza ilipoanza alikuwa na kete 19 kwa jeshi zima. Katika zamu ya nne vikosi vitano vya miguu vilipanda Pembe kwa pamoja, na aliyekuwa akiviongoza aliziachia dadu mezani, akanyamaza kwa muda mrefu. Raymond alitoka akiwa na vikosi viwili na kupata alama nyingi kuliko wenzake wa upande wake. Shambulio la mwisho la wapanda farasi lilifika sentimita 6 kutoka hema la Sultani, yaani mita 150, na wote watano tulikuwa tumesimama tukitazama dadu.

Moshi tumeutengeneza kwa pamba iliyotiwa unga wa mkaa: unaziba macho kwa sentimita 8, na kikosi cha miguu kilichomo ndani yake kinahesabiwa kana kwamba kimepoteza kete moja zaidi. Bado sijaridhika na mwelekeo wa upepo, ambao kwa sasa tunauamua kwa dadu kila zamu. Jumamosi ijayo tutajaribu upepo mmoja usiobadilika kutoka magharibi, na tutabadilishana pande. Aliyekuwa Gerard ndiye atakayekuwa Salahuddin.